Mama Foronya, Dobi wa Hospitali na Mtumishi wa Mungu

Mchungaji, wazee wa baraza, shemeji yetu seremala, watoto, majirani, wauguzi na wafanyakazi wenzake wa hospitali, familia inawashukuru kwa kufika na kuketi nasi, na kabla historia hii haijaanza inabidi mjue kwamba ziko mbili. Ya kwanza ni hii iliyoandikwa na familia, kurasa tano, kwa mkono. Ya pili ni ile tuliyoletewa jana mchana na katibu wa baraza, ukurasa mmoja uliopigwa chapa vizuri, ambamo maneno "mtumishi wa Mungu" yameondolewa na mahali pake pameandikwa "muumini wa kawaida", kwa maelezo kwamba marehemu hakuwa na cheti, hakuwekewa mikono, na hakuwahi kuwamo katika orodha ya watumishi wa kanisa hili. Familia ilikaa, ikausoma, ikausoma tena, na kwa heshima zote imeamua kusoma ya kwanza, na anayeisoma ni mdogo wake wa mwisho, fundi magari, ambaye marehemu alimlea tangu akiwa na miaka miwili, kwa hiyo mkisikia sauti inapanda msiilaumu spika.

Marehemu, ambaye karibu nyote mlimfahamu kwa jina la Mama Foronya, alizaliwa tarehe 11 Machi 1958, katika chumba cha pili cha nyumba ya bati iliyokuwa nyuma ya kiwanda cha sabuni, akiwa wa kwanza kati ya watoto watano wa baba mlinzi wa kiwanda hicho na mama mshona magunia. Inasemekana mkunga alipompokea alisema, "Huyu mtoto ana mikono mikubwa," na baba, ambaye hakuwa mtu wa maneno mengi, akajibu, "Basi hatakosa kazi," na huo ndio utabiri pekee uliowahi kutolewa juu yake, na ulitimia.

Mwezi Januari 1966 alianza darasa la kwanza katika shule ya msingi iliyokuwa ng'ambo ya reli, akasoma hadi darasa la nne, akaacha tarehe 28 Novemba 1969, kwa sababu mama alikuwa ameanza kuumwa na nyumba ilihitaji mtu wa kuchota maji, kupika na kuosha. Mama yetu alifariki mwaka 1972, na tangu siku ile dada, akiwa na miaka kumi na minne, alikuwa mama wa nyumba yenye watoto wanne, wa mwisho akiwa ndiye huyu mnayemsikia. Ule ukurasa wa jana, mahali pa elimu, umeandika "haikupatikana", kana kwamba iliibiwa. Ilipatikana, miaka minne, na aliitumia yote, maana alisoma polepole akifuata mstari kwa kidole, lakini namba hazikuwahi kumshinda hata siku moja, na mtaona punde jinsi Mungu alivyozihitaji namba hizo.

Tarehe 2 Juni 1979 aliajiriwa kuwa dobi katika hospitali kubwa ya mji wetu. Wengi mmelazwa kule juu lakini ni wachache mnaojua chini kulivyo, basi ngojeni niwaeleze, ni chumba kirefu chenye mashine nne za kufulia, moja ya kukamulia, pasi ndefu kama meza ya harusi, na mabomba yanayotoa mvuke hata yakiwa yamefungwa. Mlangoni kuna kona ya kuchambulia, ambako mifuko ya mashuka machafu inamwagwa sakafuni na mtu mmoja, akiwa na glavu, aproni na buti za mpira, anatenga yenye damu, yenye usaha, yenye matapishi na yale ambayo ni jasho tu. Kazi hiyo hupewa mgeni, na mgeni huomba kuhamishwa kabla mwezi haujaisha. Marehemu aliwekwa pale siku ya kwanza na akakaa pale miaka thelathini na minane na miezi kadhaa, na kila alipoambiwa ahamie kwenye pasi ambako ni pasafi alikataa, akisema kwamba kwenye pasi nguo zote zinafanana na hazina la kukwambia.

Maana nguo zile zilimwambia. Kila shuka na kila foronya ya hospitali ile ilikuwa na mhuri mweusi usiotoka kwa sabuni, wenye herufi ya wodi na namba ya kitanda, na dada baada ya miaka michache alikuwa anawajua wagonjwa ambao hajawahi kuwaona sura. Alijua nani ana homa, nani hageuzwi ubavu, nani ameanza kula. Aliwahi kumwambia muuguzi kwamba mgonjwa wa kitanda fulani analala upande mmoja tu, hebu amtazame ule upande mwingine, wakamtazama wakakuta kidonda, na tangu hapo baadhi ya wauguzi wakawa wanamheshimu na wengine wakawa wanamwona mmbea.

Sasa tunafika mahali ambapo baraza lingependa tupite haraka, na familia imeamua kusimama hapo kidogo. Kuanzia tarehe 3 hadi tarehe 6 Oktoba 1983, asubuhi nne mfululizo, foronya ya wodi ya wanawake, kitanda namba 6, ilishuka ikiwa imelowa upande mmoja, na pembe yake moja imetafunwa. Siyo imechanika, imetafunwa, na alama za meno zinaonekana kabisa. Dada alielewa mara moja, kwa sababu mwaka ule mama alipofariki yeye mwenyewe alikuwa akiuma kanga ili wadogo zake wasimsikie, na hilo hakuwa amemwambia mtu yeyote. Alisimama pale na ile foronya mkononi, akamwomba Mungu ampelekee yule mgonjwa mtu. Siku ya pili akaomba tena, ya tatu akaomba na kuongeza kwamba jambo lenyewe ni la haraka. Siku ya nne, na hapa tunayarudia maneno yake jinsi alivyotusimulia mara nyingi huku akichambua mchele, alisema, "Nikajiuliza, hivi hii foronya kaletewa nani? Angetaka mchungaji ajue, angempelekea mchungaji. Kaniletea mimi. Sasa mimi namwomba atume mtu, na yeye kila siku ananitumia foronya, tunazungushana tu."

Alivua glavu, akanawa, akapanda ngazi na buti zake za mpira. Alimkuta mwalimu wa shule ya msingi, mwanamke wa makamo yake, aliyepoteza mtoto wake wa kwanza wakati wa kujifungua, amelala uso ukutani, na kila aliyepita alimwambia ajikaze. Dada hakuwa na somo wala wimbo, akavuta kigoda akakaa, na kitu pekee alichokipata kinywani kilikuwa hiki, "Mimi ndiye ninayefua foronya yako." Yule mwalimu aligeuka, akamtazama, na kwa mara ya kwanza tangu alazwe akalia kwa sauti, na dada akamshika mkono mpaka alipomaliza. Asubuhi iliyofuata ile foronya ilishuka ikiwa imelowa zaidi kuliko siku zote, lakini pembe zake zilikuwa nzima.

Hivyo ndivyo alivyoitwa. Hakukuwa na nuru, hakukuwa na sauti kutoka juu, aliitwa chini kule kwenye mvuke, kwa mhuri wa namba, na aliitika kwa kupanda ngazi. Wale wa zamani walioitwa waliacha nyavu na kondoo, nao hatusikii kwamba kuna aliyewadai cheti, na kama yuko aliyewadai, basi jina lake limesahaulika na yao hayajasahaulika.

Tangu hapo, kila siku zamu ilipoisha saa tisa alasiri, alipanda wodini kumtafuta mwenye foronya, akakaa naye robo saa, nusu saa, akaomba naye kama mgonjwa alitaka na akanyamaza naye kama hakutaka. Wauguzi walimbatiza jina la Mama Foronya kwa kumcheka, naye akalichukua akalivaa kama aproni, na leo limeandikwa kwenye msalaba wake kwa agizo lake mwenyewe.

Ndoa yake nayo ilitoka kwenye foronya, tena kwa kosa. Mwezi Novemba 1984 ilishuka foronya ya wodi ya wanaume, kitanda namba 14, ikiwa imesokotwa kama kamba na kukazwa fundo, na kesho yake tena vilevile, na dada akaona huyu mtu amekata tamaa na anajitafutia njia ya kuondoka duniani. Alipanda mbio kabla hata zamu haijaisha, akamkuta seremala mmoja aliyeanguka kutoka kwenye paa na kuvunjika mguu, akakaa, na kwa dakika arobaini bila kupumzika akamweleza thamani ya uhai, watu wanaompenda na kesho inayokuja. Yule seremala alimsikiliza kwa adabu kubwa hadi mwisho, kisha akainua mkono akamwonyesha foronya ya siku ile, imesokotwa na kufungwa kwenye chuma cha kitanda, ambayo alikuwa anaivuta ili aweze kuinuka. "Dada," akamwambia, "mimi natafuta namna ya kukaa, sio namna ya kufa. Lakini endelea, unaongea vizuri." Dada aliona aibu akashuka bila kuaga, akaapa kwamba hatarudi. Kesho yake foronya ya kitanda namba 14 ilishuka ikiwa na fundo moja, keshokutwa mafundo mawili, na siku ya tano alipoona mafundo matano alipanda kwenda kumwambia aache kuharibu mali ya hospitali. Walifunga ndoa tarehe 14 Desemba 1985 katika kanisa hilihili, na mume wake ndiye huyu aliyeketi hapa mbele na fimbo yake, ambaye amelitengeneza jeneza mnaloliona kwa mikono yake mwenyewe kwa siku tatu, na hakumruhusu mtu amshikie hata msumari.

Mungu aliwajalia watoto watatu, binti wa kwanza aliyezaliwa tarehe 19 Mei 1987, ambaye sasa ni mkunga, kijana aliyezaliwa tarehe 7 Septemba 1990, ambaye ni seremala kama baba yake, na binti wa mwisho aliyezaliwa tarehe 23 Februari 1994, ambaye ni mpiga picha, na picha zote za mama yake alizowahi kupiga ni za mgongo, kwa sababu mama hakuwa mtu wa kusimama akatazamwa. Aliwalea kwa upendo na kwa ukali, na hatutaki kuwadanganya kwamba alikuwa malaika. Alikuwa na ulimi wa pilipili, aliimba nje ya sauti na hakukubali kuambiwa, na majirani ni mashahidi kwamba alikuwa akipita kwenye kamba zao, akianua nguo zilizoanikwa ovyo na kuzianika upya bila kuomba ruhusa, na kuna jirani mmoja hapa ambaye hakuongea naye mwaka mzima kwa sababu ya pazia.

Mwaka 1991 aliomba kujiunga na kikundi cha kanisa cha kutembelea wagonjwa, akaambiwa lazima asome mafunzo ya miezi sita. Hakukataa, alikwenda kila Jumamosi, akakaa dawati la mbele na kidole chake kwenye mstari, na tarehe 20 Juni 1992 akafanya mtihani. Swali la kwanza lilisema, eleza maana ya wito. Wenzake waliandika ukurasa mzima. Dada aliandika, "Foronya ya kitanda namba 6." Alipewa sifuri, na msahihishaji akaongeza kwa wino mwekundu kwamba mwanafunzi hajaelewa swali. Familia inapenda kusema leo, mbele ya jeneza, kwamba katika chumba kile chote ni yeye peke yake aliyekuwa amelielewa.

Mwaka 1996 baraza na uongozi wa hospitali walikubaliana kwamba hakuna mtu atakayeomba na wagonjwa bila kitambulisho chenye picha na mhuri, na tunakiri kwamba sababu ya utaratibu huo ilikuwa nzuri, maana walikuwapo matapeli waliokuwa wakiwauzia wagonjwa maji na mafuta. Lakini tapeli na dobi hawafanani hata kwa mbali, na aliyeshindwa kuwatofautisha hakutaka kuwatofautisha. Dada aliomba kitambulisho akanyimwa kwa kukosa cheti. Muuguzi mkuu wa wakati ule, ambaye alishastaafu, alimkuta ngazini akamwambia kazi ya dobi iko chini. Akashuka, akafikiria usiku kucha, na kesho yake saa tisa alipanda tena akiwa amebeba foronya safi mkononi. "Kuomba kunataka kibali," alimwambia yule muuguzi, "sawa, siombi. Kubadilisha foronya ni kazi yangu, na mimi nikibadilisha huwa nachukua muda." Ikawa hivyo. Alikaa kimya pembeni ya kitanda, na kama mgonjwa mwenyewe ndiye aliyeomba na yeye akasema amina, hakuna kifungu cha utaratibu kilichokataza amina, alikuwa amekiulizia.

Tarehe 12 Mei 1998 aliitwa mbele ya baraza, wazee saba mezani na yeye kwenye kiti kimoja katikati ya chumba, ambacho alikwenda nacho mwenyewe kwa sababu hawakuwa wamemwekea. Aliwaamkia kwa heshima mmoja mmoja. Wakamwuliza ni nani aliyemtuma wodini. Akawajibu hivi, na tunaye shahidi, maana mmoja wa wale saba yuko hai na ndiye aliyetusimulia kwa machozi juzi, "Wazee wangu, ninyi mkiitwa mnaandikiwa barua. Mimi barua naisoma kwa shida, kwa hiyo naitwa kwa mashuka. Mkitaka niache, nitaacha, lakini niandikieni hapa cha kumjibu aliyeyaleta, na mtie sahihi wote saba." Hakuna aliyetia sahihi, ila walimtenga na Meza ya Bwana kwa miezi mitatu kwa kosa la ukaidi. Jumapili zote za miezi ile mitatu alikuja kanisani, akakaa benchi la nyuma, wengine wakienda mezani yeye akainamisha kichwa, na Jumatatu saa tisa alipanda ngazi. Aliumia sana, hilo mlijue. Mdogo wake alipomwambia ahamie kanisa lingine, alisema, "Nikahame kwa Baba yangu kwa sababu nimegombana na kaka zangu? Thubutu."

Alistaafu tarehe 31 Machi 2018, akakabidhi buti, aproni na glavu, lakini kabla ya hapo, kwa miaka miwili ya mwisho, alikuwa amewafundisha madobi sita, wanawake wanne na wanaume wawili, namna ya kuchambua kwa macho mawili, jicho moja la uchafu na jingine la mtu. Aliwaonyesha foronya ya anayelia, shuka la anayeogopa, na shuka la ambaye hajatembelewa, ambalo alisema unalitambua kwa kuwa upande wa miguuni halina mkunjo hata mmoja, hakuna aliyekaa pale. Akawaonya pia kuhusu foronya iliyosokotwa, kwamba waulize kwanza kabla ya kuhubiri.

Mwezi Septemba 2022 alianza kukohoa, na uchunguzi wa tarehe 4 Novemba mwaka huohuo ulionyesha kwamba mapafu yake yalikuwa yamechakaa, na madaktari walieleza kwamba miaka mingi ya mvuke na dawa za kufulia ilikuwa imechangia. Alitibiwa, akapata nafuu, akarudia kuumwa, akalazwa mara tatu, na mara ya mwisho ilikuwa tarehe 15 Julai 2024, wodi ya wanawake, kitanda namba 11. Watu wametuuliza kama kilikuwa namba 6. Hakikuwa, cha namba 6 kilikuwa na mtu. Tarehe 21 Julai kikundi cha kutembelea wagonjwa kilifika na vitambulisho vyake shingoni, kikasimama mlangoni, kikaombea wodi nzima kwa pamoja kwa dakika tano, kikaondoka, kwa kuwa kulikuwa na kikao. Dada aliitikia amina kwa sauti kuliko wote. Hatusemi hili kwa kinyongo, tunalisema kwa kuwa ni historia, na historia ikianza kuficha inakuwa tangazo.

Saa tisa alasiri ya siku ileile mlango ulifunguliwa na akaingia dobi. Kesho yake akaja mwingine, na keshokutwa mwingine, wale sita kwa zamu, siku zote kumi na tisa zilizobaki, wakikaa upande wa miguuni. Naye pale kitandani, na mpira wa oksijeni puani, hakuacha kazi, aliwapangia, "Namba tatu hajalala, nenda kwake kwanza, mimi sikimbii." Mtoto wake mkunga alipomsihi apumzike, akamwambia kwamba ameitwa kazini na hajasikia mtu akimwambia zamu imekwisha.

Alifariki tarehe 9 Agosti 2024, saa nne na dakika kumi asubuhi, mume wake akiwa amemshika mkono wa kulia na mdogo wake wa kushoto, akiwa na umri wa miaka 66, miezi minne na siku ishirini na tisa. Foronya yake ilishuka chini na mfuko wa mchana, na dobi aliyekuwa kwenye kona ya kuchambulia aliitambua kwa mhuri, akaiita timu nzima, wakazima mashine zote nne, wakaitazama. Ilikuwa kavu, na pembe zake zote nne zilikuwa nzima.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya wanawake, ambao walimhudumia kama mama yao, na hasa muuguzi mkuu wa sasa, ambaye tangu achukue nafasi ile hajawahi kumuuliza dobi yeyote anatafuta nini juu. Tunawashukuru majirani kwa turubai, viti, kuni na maji, na yule jirani wa pazia tunamshukuru kipekee, kwa sababu ndiye aliyefua nguo za msiba huu wote na kuzianika kwa mstari ulionyooka. Tunawashukuru wafanyakazi wenzake wa zamani na wa sasa, tunamshukuru mwalimu wa kitanda namba 6, aliyesafiri siku nzima akiwa na miaka yake sitini na minane na ameketi pamoja nasi. Tunakushukuru mchungaji, ambaye tulikuletea kurasa hizi tano asubuhi hii, ukazisoma zote, ukazirudisha bila kufuta hata nukta.

Tunalishukuru na baraza la wazee. Waraka wenu wa jana tumeupokea, tumeuelewa, na hatutautii. Kwenye aya ya mwisho mmetukumbusha kwamba kwa utaratibu wa kanisa hili jeneza la mtumishi hubebwa na watumishi, na kwa hiyo la marehemu libebwe na ndugu wa kawaida. Tumelifikiria sana jambo hili, familia pamoja na shemeji, na tumeona kwamba utaratibu huo ni mzuri, tena ni wa haki, na hatutauvunja. Mtumishi abebwe na watumishi wenzake. Vijana wa familia mlioanza kusogea, tafadhali rudini mkaketi, na ninyi madobi sita mliosimama pale ukutani kwa kuwa mmetoka zamu na mnaona haya kuketi na nguo za kazi, hatujui kama kuna aliyewahi kuwaita hivi mbele za watu, basi sikieni mkiitwa. Watumishi wa Mungu, njooni mbele, mmchukue mwenzenu.

Dada, zamu yako imekwisha, pumzika kwa amani.